Ndege wa Bwana Noeli

Queensbury, London
6 Oktoba 2024

Kwa mjomba wangu Mwalimu Evodius,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba mguu wako umetulia baada ya mvua. Nimempa Sista Justa aibebe mpaka Bukoba kwa kuwa najua sanduku la posta la shule unalifungua pale unapojisikia tu. Huku baridi imeshaanza. Mama mwenye nyumba wangu, Bi Madhu, anakusalimu sana. Ni yule Mhindi niliyekueleza, mzaliwa wa Mwanza, ambaye mpaka leo akikasirika hukasirika kwa Kiswahili. Nilimwambia kwamba masikio yako yamegoma kusikia simu na wewe umegoma kununua ya kuandikia meseji. Akasema duniani umebaki wewe na makumbusho.

Nina swali, na usikunje uso. Majina ya wazee ninaowahudumia kazini yananichekesha. Chumba cha pili yuko Bi Swan, yaani bata maji. Cha sita yuko Mzee Peacock, ambaye ni tausi na hana unyoya hata mmoja kichwani. Meneja wetu ni Bi Finch, chiriku. Juzi nilikuwa nawapelekea chai, nikakumbuka neno la mama. Nilikuwa na miaka minane, nikamwuliza baba yangu ni wa ukoo gani. Akanijibu, "Ukoo wake ni ndege," akaendelea kumenya ndizi. Mwaka uliofuata tukamzika.

Ninachojua ni kidogo: kwamba aliitwa Bwana Noeli, kwamba alikuja na mradi wa visima, na kwamba wewe kama mkubwa wa nyumba ulimwita ukamwuliza ukoo wake na mwiko wake, kama inavyotakiwa. Kwa hiyo jibu unalo. Naomba jina lake la pili, basi. Nina miaka thelathini na mitano, nataka kujua pua hii nimeitoa wapi. Hakuna zaidi ya hapo.

Wasalimie wote. Ukiweza, nijibu mapema.

Binti yako,
Lilian Kokugonza

Kamachumu
10 Novemba 2024

Kwa binti yangu Kokugonza,

Marahaba. Barua yako imefika, ila Sista Justa alipitia Roma akakaa huko siku kumi, na alipofika Bukoba akaugua malaria. Mimi sijambo. Mguu unaniambia mvua itanyesha kabla redio haijasema. Senene wameanguka kwa wingi, watoto wanashinda barabarani na ndoo. Nimekukaangia kopo moja, nitalituma nikipata msafiri mwaminifu, maana yule wa mwaka jana alituletea hadithi ya forodha na mdomo wake unang'aa mafuta. Paa la kanisa limekamilika. Rwegasira amechaguliwa tena kuwa katibu wa ukoo, na amenunua simu ya pili. Migomba ya marehemu mama yako nimeipogoa mwenyewe, na kaburi nimelipaka chokaa.

Kuhusu Bwana Noeli. Jina lake la pili silijui kwa sababu sikumwuliza. Usishangae. Jina ni kitu ambacho mtu anaweza kujipa asubuhi akalibadilisha jioni. Sisi huuliza ukoo na mwiko, yaani kiumbe ambacho ukoo haukili, na ukishavijua hivyo viwili umemjua mtu mpaka kwa babu zake. Nilimwuliza mbele ya mama yako. Alicheka kwanza, kisha akanyoosha kidole akanionyesha ndege, akasema kwa kile Kiswahili chake cha kudonoadonoa kwamba jina la baba yake ni huyo, kwa lugha ya kale ya kwao. Nikaandika kwenye daftari la ukoo. Sikuona haja ya kuandika zaidi.

Ndege huyo alikuwa korongo, amesimama bondeni majini.

Sasa umejua. Yaishie hapo, mwanangu. Vaa soksi nzito.

Mjomba wako,
Mwl. Evodius

Queensbury
15 Desemba 2024

Kwa mjomba,

Shikamoo. Nashukuru kwa kaburi na kwa migomba. Nashukuru pia kwa senene, ingawa bado wako jikoni kwako. Bi Madhu aliteleza kwenye ngazi akavimba mkono, sasa mimi ndiye ninayesukuma chapati. Amezila zote na zote amezitukana.

Mjomba, korongo wako amenitesa. Bi Madhu aliazima maktaba kitabu kinene cha asili ya majina ya Waingereza, tukakaa nacho mezani wiki nzima. Korongo kwao ni Crane, na yule mwembamba wa kijivu ni Heron. Hao watu wamejaa nchi hii kama vumbi. Nimewaandikia kumi na tisa, wote ambao jina lao la kwanza ni Noel au linaanza na N. Mmoja wa Croydon alinijibu kwa adabu kwamba hajawahi kuvuka hata kwenda Ufaransa. Binti wa mwingine alisema baba yake alikufa mwaka 1970. Wengine kimya.

Najua unachowaza, kwa kuwa hata mimi nilikiwaza. Nenda kwa mzee wa ukoo wa Korongo, piga magoti, sema shida yako, naye atakutajia wote waliowahi kwenda Afrika. Mjomba, huyo mzee hayupo. Ndege wa huku si ukoo. Kitabu kinasema miaka mia saba iliyopita mtu mwenye miguu mirefu kijijini aliitwa Korongo kwa utani, na kijiji kingine kilikuwa na mrefu wake, naye akaitwa hivyohivyo. Mfupi mwenye haraka akaitwa Wren, yule ndege mdogo wa vichakani. Mwenye sauti nzuri akaitwa Nightingale, ndege mwimbaji wa usiku. Mlafi akaitwa Puttock, yaani mwewe. Partridge alikuwa mtega kwale. Peacock labda alijiona, au labda alishinda mashindano ya mishale ambayo zawadi yake ilikuwa tausi. Wengine walikaa tu kwenye nyumba iliyotundikwa kibao cha ndege mlangoni, kwa sababu watu hawakujua kusoma. Utani ukashika, watoto wakaurithi. Crane wawili wanaweza kuoana leo na mtu asishtuke.

Kwa hiyo ndege peke yake hanifikishi kwa mtu. Nahitaji kitu kingine. Alikuwa mrefu kweli? Alitoka mji gani? Nimempigia Rwegasira mara mbili ili akuulize uso kwa uso, akaniambia umesema mambo ya ukoo hayapiti kwenye simu ya jirani. Mjomba, naomba yapite mara hii moja. Fikiri tena kuhusu yule ndege. Una uhakika?

Nijibu upesi. Nakuomba sana.

Lilian

Kamachumu
5 Januari 2025

Kwa Kokugonza,

Marahaba, na heri ya mwaka mpya. Barua yako ilinikuta Krismasi imekwisha. Tulikula vizuri. Kahawa imekuwa nyingi mwaka huu, tunaianika mpaka uani kwa padri. Mpe pole Bi Madhu, mwambie mkono uliovimba haufungwi kwa kitambaa chenye maji baridi zaidi ya siku tatu.

Nimesoma habari zako za utani na vibao vya milangoni mara nne. Nimefundisha miaka thelathini na nane na sijaelewa. Watu wabebe ndege mmoja miaka mia saba, baba kwa mwana, halafu wamle, waoane, na wasijuane? Huenda kitabu kiliandikwa na mtu asiyewauliza wazee wake.

Umeniuliza kama nina uhakika. Na mimi nikuulize: unakosa nini? Una kazi. Una chumba kizuri na mama wa watu anayekupenda. Hapa nikipita njiani naambiwa, yule ndiye mwenye binti London. Unamtafutia nini mtu ambaye hakukupeleka zahanati hata siku moja?

Nitakuambia jambo ambalo sikutaka kuliandika. Rwegasira na wenzake wanakitaka kibanja cha mama yako, na migomba yake yote. Wanasema wewe si wa kwetu, una damu ya watu wengine, kibanja kirudi kwa ukoo. Tangu ulipozaliwa nina jibu moja tu: baba yake hajulikani, mtoto ni wetu, mwiko wake ni wetu. Kwa jibu hilo umepewa jina hapa, na kwa jibu hilo mama yako amelala pale alipolala. Mtoto ambaye baba yake amejulikana na ukoo wake umetajwa anafuata mwiko wa baba, hilo unalijua. Ikifika karatasi hapa inayosema Kokugonza ni wa ndege fulani, watakung'oa kwa msimu mmoja, na kaburi litabaki katikati ya maharage ya Rwegasira. Nimekaa na jibu hilo miaka thelathini na mitano. Usilibomoe kwa ajili ya pua.

Acha jambo hili. Nakuomba kama niliyekubeba mgongoni, maana sasa umri umegeuka na wewe ndiwe unayenibeba.

Mwl. Evodius

Queensbury
26 Januari 2025

Mjomba,

Shikamoo. Sina habari za nyumbani leo, nisamehe.

Unauliza nakosa nini. Sina kazi. Kampuni yenye ile nyumba ya wazee ilinyang'anywa kibali cha kuajiri wageni mwezi Septemba, kabla sijakuandikia barua ya kwanza. Bi Finch alituita sisi saba ofisini kwa pamoja, akalia yeye kuliko sisi. Tangu hapo nimeomba kazi sehemu arobaini na tatu, kila mahali wanasema njoo ukiwa na karatasi zako. Nakula kwa Bi Madhu. Viza yangu inaisha tarehe 31 Machi. Duka langu la dawa la Bukoba nililifunga ili nije huku, hilo unalijua, na chochote nilichokuwa nacho kilipanda ndege pamoja nami.

Nilikwenda kwa mshauri wa mambo ya uhamiaji. Aliniambia kwamba kama baba yangu ni Mwingereza, na ikathibitika kwa damu, kuna mlango mwingine. Ila anatakiwa yeye mwenyewe, apimwe mate. Anatakiwa akiwa hai. Ndiyo sababu nauliza. Mengine yote niliyokuandikia kuhusu pua ni uongo, au ulikuwa uongo mwanzoni. Sasa kila nikipanda basi nawatazama wazee wa Kizungu usoni, nashuka kituo ambacho si changu.

Sikukuambia kwa aibu. Uliringa nami kijiji kizima, ningekuambiaje kwamba napikiwa uji na mjane wa watu?

Kibanja wakichukue. Mama atanielewa. Mjomba, kama kuna neno umelibakiza, lolote, nipe. Naogopa sana.

Lilian

Kamachumu
23 Februari 2025

Koku mwanangu,

Barua yako ilifika posta tarehe kumi na moja. Mimi nililala kitandani na mguu mpaka jana, hakuna aliyefungua sanduku. Nimeisoma nikiwa nimesimama pale pale dirishani pa posta, nikaomba kiti.

Hakuwa korongo.

Bwana Noeli tulikaa naye uani, kwenye mikeka, chini ya ule mparachichi uliokuja kupasuliwa na radi. Nilipomwuliza ukoo wake akainua kidole juu kwenye shina. Palikuwa na kigogota, anagonga. Akasema, "Huyu. Mimi ni huyu." Mama yako alicheka mpaka nikamkemea. Ndivyo nilivyoandika kwenye daftari: Noeli, Mwingereza, mwiko wake kigogota. Ukurasa huo niliubandika kwa gundi ya shule juu ya mwenzake ulipotimiza mwaka, ili Rwegasira asiusome.

Nilipopata swali lako Novemba niliona naweza kukupa ndege mwingine yeyote, utamtafuta kidogo, utachoka, na kibanja kitabaki chako. Nilimchagua korongo kwa sababu alikuwa amesimama bondeni wakati naandika. Niliamini kwamba ukiwafikia watu wa Kigogota watakuja kukudai, kama sisi tungedai. Barua yako ya Desemba iliniambia kwamba huko hakuna wa kumdai mtu. Sikuiamini. Nilikuona umedanganywa na kitabu.

Liko na la pili. Alirudi. Ulikuwa na miezi minne, amekuja na kofia ya sufu ya mtoto, ya buluu. Mama yako alikuwa kisimani. Nilimwambia mlangoni kwamba mtoto si wake, ni wa kwetu, aende kwao. Akaniuliza jina lako, nikamwambia. Akaiacha kofia kwenye kizingiti, nami nikampa mama yako nikisema nimeinunua mnadani. Ulikua nayo.

Leo ningeweza kumpa Rwegasira neno moja akutumie kwa simu yake. Nimefika mpaka kwake, nimekaa kwenye kiti, nimekunywa maji yake. Lakini neno hilo ndilo analolisubiri tangu uzaliwe, nami nikashindwa. Kwa hiyo natuma kwa rejista kutoka Bukoba, nitapanda basi la alfajiri kesho mwenyewe na mguu huu. Wamesema ni siku kumi.

Nisamehe. Au usinisamehe kwanza, mtafute mtu wako.

Evodius

Queensbury
30 Machi 2025

Kwa mjomba wangu Mwalimu Evodius,

Salamu nitaziweka mwisho.

Barua yako haikuchukua siku kumi, ilichukua kumi na nane. Ilifika Ijumaa tarehe 14 Machi. Bi Madhu alifungua kile kitabu, akapitisha kidole kwenye orodha ya ndege, na ilimchukua muda wa chai kuchemka. Kigogota katika Kiingereza cha zamani, huko kaskazini kwao, aliitwa speight. Ni jina la watu wachache. Makorongo wako maelfu, mjomba, lakini akina Noel Speight wa umri ule tuliwapata wawili nchi nzima, na mmoja aliwahi kuchimba visima Tanzania. Hilo liliandikwa kwenye tangazo la gazeti la mtaa. Lilikuwa tangazo la msiba.

Amekufa tarehe 19 Februari. Siku nne kabla hujaandika. Alikaa Barnet, mabasi mawili kutoka hapa.

Nilikwenda. Alinifungulia mwanawe, Humphrey, mtu mzima kuliko mimi, na nilipomwona usoni sikuwa na haja ya kuuliza pua nimeitoa wapi. Nilijieleza mlangoni vibaya, huku nalia. Hakunifukuza. Aliniambia nisubiri, akarudi na kijitabu cha ndege kilicholiwa pembeni na mchwa wa kwetu. Baba alikuwa ameandika majina yao yote kwa Kiswahili, kwa penseli. Kwenye ukurasa wa kigogota ameandika, "Koku, 1989." Humphrey akaniuliza, "Koku ndiye nani?" Nikamwambia, "Ni mimi." Akakaa chini kwenye ngazi.

Alinieleza mambo kidogo. Mpaka Krismasi baba alikuwa anatembea mwenyewe kwenda msituni na darubini yake. Desemba, wakati mimi nawaandikia makorongo. Alianguka Januari, akawekewa kitanda dirishani ili aone miti. Nikamwuliza amezikwa wapi, niende hata nikaweke ua. Hawakumzika. Walimchoma tarehe 12 Machi, siku mbili kabla barua yako haijanifikia, na majivu wakayamwaga msituni. Sina hata pa kusimama.

Nilimwomba apimwe yeye, kwa kuwa ni ndugu wa baba mmoja. Mshauri alisema ni ushahidi dhaifu lakini tujaribu. Humphrey aligeuka akatazama ndani. Mwaka 1989 alikuwa na miaka minane, mama yake alikuwa hapa anamlea, na mama huyo yuko ndani, mjane wa mwezi mmoja, anauliza nani yuko mlangoni. Alimjibu kwamba ni mtu amepotea njia. Kisha akanipa kijitabu, akaniomba nisirudi. Sikumchukia. Alifanya kama ulivyofanya wewe, alisimama mlangoni akalinda nyumba yake.

Nimefikiri sana kuhusu sisi wawili. Wewe ulimficha ndege, mimi nikaficha shida. Mmoja wetu tu angesema ukweli katika barua ya kwanza, ningemkuta kwenye dirisha lake na angenitajia jina langu kabla sijajieleza. Nami nimo katika lawama hii, sikuachii yote.

Viza inaisha kesho. Bi Madhu amenifungia chapati kwa mikono yake yote miwili na hajanitukana tangu asubuhi, ndipo nilipojua kwamba naondoka kweli. Nitafika Bukoba Jumatano, barua hii nitaitanguliza kwako kwa basi, nami nitafuata Jumamosi. Ulitaka nisipoteze kibanja cha mama, na sasa nakuja, sina kwingine. Nitakwenda mwenyewe kwa Rwegasira na kijitabu mkononi, nimweleze kwamba ndege wa kule hana ukoo, hana mzee, hana kaburi, na hakuna mtu wa Kigogota atakayekuja kunidai hata siku moja. Nilikwenda mpaka mlangoni kwao kuhakikisha.

Kabla sijafika nifanyie jambo moja. Bandua ule ukurasa. Palipoandikwa kigogota, andika jina lake lote kwa wino, Noel Speight. Chini yake andika tarehe uliyonitumia korongo, na chini ya hiyo tarehe aliyokufa. Usiandike maelezo, atakayesoma atahesabu mwenyewe siku zilizopo katikati.

Shikamoo, mjomba.

Koku